Gari la umeme la nyumbani: dalili, vyanzo na mahali pa kumwachia fundi

Gari la umeme ambalo familia ya mtumishi wa Dodoma inaweza kulimudu kwa sasa ni lile lililokwisha kutumika Japani, na mara nyingi ni Nissan Leaf, ambalo lilianza kuuzwa Desemba 2010 likiwa na betri ya kilowati-saa 24, baadaye likapata betri ya 30, na mwaka 2017 likaja toleo la pili lenye 40. Ninaendesha moja kati ya Kisasa na Mtumba, na kwa kuwa majirani na wafanyakazi wenzangu hunipigia simu mimi kabla ya kumpigia fundi, nimejikuta nina daftari la malalamiko yao. Malalamiko hayo yanajirudia. Nimeyapanga hapa kwa dalili, kama mwenye gari anavyoziona, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi, nikamalizia na kile cha nadra ambacho kwa kawaida ndicho cha gharama kubwa.

Ni lazima ieleweke tangu mwanzo kwamba gari hili lina betri mbili. Kubwa imelala chini ya sakafu, ina volti zinazokaribia 400 ikijaa, na ndiyo inayoendesha gari. Ndogo ni ya volti 12, ya risasi na asidi kama ya gari lolote, nayo ndiyo inayoamsha kompyuta, kufungua milango na kuunganisha ile kubwa. Ukurasa baada ya ukurasa wa daftari langu, betri kubwa inasingiziwa makosa ya betri ndogo, ya soketi ya ukutani au ya upepo wa tairi.

Kebo zote zenye ganda la rangi ya chungwa, chini ya boneti na chini ya gari, zimebeba umeme wa betri kubwa, na umeme huo unaua. Ukaguzi wote ninaoueleza hapa unafanyika bila kuzigusa. Fundi atakayekwambia kwamba anaweza kuzifungua akiwa amevaa kandambili, bila glavu za umeme na bila kusubiri walau dakika 10 baada ya kuutenga umeme ili masalia yake yaishe ndani ya vifaa, mshukuru na umwage kwa heri.

Gari haliwaki, au taa zote za onyo zinawaka kwa pamoja

Dalili yenyewe huja kwa sura nyingi: unabonyeza kitufe na kioo kinabaki cheusi, au dashibodi inawaka lakini neno READY halitokei, au taa za breki, usukani na mfumo wa umeme zinawaka zote kwa mkupuo, jambo ambalo humfanya mtu aamini kwamba gari zima limeungua. Vitu vingi vikionekana kufa kwa wakati mmoja, aghalabu chanzo ni kimoja, nacho ni betri ndogo kuishiwa nguvu.

Asubuhi moja ya Julai, kwenye ile baridi ya Dodoma inayoshuka hadi nyuzi 13 au chini yake, gari la mwenzangu liligoma nje ya nyumba yake Ilazo. Fundi aliyeitwa alizunguka mara mbili, akachungulia chini, kisha akasema, "Dada, hapa betri kubwa imekwenda. Hili uza vyuma tu." Nilimwomba, "Kaka, tupime kwanza hii ndogo, halafu tuzike." Multimita, yaani kipimo cha umeme, ilisoma volti 10.9. Tulileta betri ya bajaji iliyokuwa imeegeshwa jirani, nayo ni ya volti 12 vilevile, tukaiunganisha kwa waya chanya na hasi, na neno READY likatokea.

Anza hivyo hivyo. Gari likiwa limezimwa kwa muda wa saa moja, betri ndogo iliyo nzima husoma volti kati ya 12.5 na 12.8, ikisoma chini ya 12 imekwisha chaji, na ikiwa ina miaka minne au mitano huenda imekwisha kabisa. Kabla ya kununua mpya, angalia vichwa vyake kama vimelegea au vina unga mweupe, uvisafishe na kuvikaza. Jiulize pia kama gari lilikaa wiki mbili bila kuendeshwa, au kama mtoto aliacha taa ya ndani inawaka. Betri ya Leaf ya Japani ni ya umbo linaloitwa 46B24, ambalo madukani kwetu huuzwa kwa jina la NS60, kwa hiyo mtu yeyote asikuuzie "betri maalumu ya gari la umeme" kwa bei ya mara mbili. Cha kuangalia ni kwamba upande wa chanya uko palepale ulipokuwa kwenye ya zamani.

Chanzo cha pili ni kidogo hadi kinaudhi: betri ya kidonge ndani ya ufunguo. Ukiusogeza ufunguo hadi ugusane na kitufe cha kuwashia na gari likaitika, umepata jibu. Cha tatu ni mguu, kwa maana ya mtu aliyezoea gari la zamani kubonyeza kitufe bila kukanyaga breki.

Ikiwa betri ndogo ni mpya lakini inakufa tena kila baada ya siku chache, washa gari mpaka READY kisha upime tena. Lazima sasa isome kati ya volti 13 na 14.5, kwa sababu betri kubwa inatakiwa kuilisha ile ndogo. Ikibaki kwenye 12, kifaa kinachopunguza umeme wa betri kubwa kuwa wa volti 12 kina hitilafu, na hapo ndipo kazi ya mwenye gari inapokoma. Jambo jingine: gari lako linaweza kuamshwa kwa betri ya gari jingine, lakini usilitumie kuamshia lori la jirani, kwa kuwa mfumo wake haukutengenezwa kutoa mkondo mkubwa wa kuzungusha injini.

Gari limechomekwa lakini halichaji, au linaanza kisha linakata

Hii ndiyo sehemu iliyojaza kurasa nyingi kuliko zote.

Hakiki ya kwanza ni LUKU. Watu hucheka nikiwaambia, lakini uniti zikiisha saa nane za usiku nyumba yote imelala na hakuna anayejua mpaka asubuhi. Ya pili ni swichi ya soketi yenyewe, na ya tatu ni kichwa cha kebo kutoingia mpaka mwisho kwenye mdomo wa gari. Vumbi la Dodoma huingia pale na kufanya lachi isishike. Sukuma mpaka usikie mlio wake wa kufunga, na kabla ya hapo pangusa vumbi kwa brashi kavu. Usipulize maji, na kijana wa kuosha magari umwambie mapema asielekeze bomba lake la kasi mahali hapo.

Halafu kuna taima. Magari haya hukumbuka muda wa kuchaji uliowekwa na mmiliki wa kwanza, na orodha zake zimeandikwa kwa Kijapani. Mkanganyiko wake una sababu ambayo ni msemaji wa Kiswahili tu anayeweza kukumbana nayo: Japani iko mbele yetu kwa saa 6, na saa ya Kiswahili nayo inatofautiana na saa ya kizungu kwa saa 6, kwa hiyo dashibodi iliyobaki na majira ya Japani ikisoma 1:00, kwetu ni saa moja kamili. Mwenye gari anaona saa iko sawa na hana sababu ya kuigusa. Akiweka chaji ianze 11:00 PM na iishe 5:00 AM kwa kudhani ni saa tano za usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, gari linaanza kuchaji saa kumi na moja jioni na kuacha saa tano za usiku, na yeye aliyerudi nyumbani saa nne anaambulia saa moja tu ya umeme. Tumia kamera ya simu kutafsiri orodha, ufute taima yote. Au bonyeza kitufe cha kuchaji papo hapo kilichopo karibu na usukani.

Kama yote hayo yako sawa, tazama kisanduku kilichopo katikati ya kebo. Kikiwasha taa nyekundu, mara nyingi kinasema kwamba soketi haina athi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Nyumba nyingi zilizojengwa kwa haraka zina soketi yenye matundu matatu ambayo tundu la juu halikuunganishwa na waya wowote, au waya upo lakini fimbo ya ardhini imechomekwa kwenye udongo mkavu ambao kuanzia Juni hadi Novemba haupitishi umeme vizuri. Pasi na friji zitafanya kazi bila malalamiko. Gari litakataa, na lina haki ya kukataa. Tiba ni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA kupima athi na kuongeza fimbo au kuizamisha zaidi. Kuna "utaalamu" wa mtaani wa kuunganisha tundu la athi na waya wa nyutro ili kudanganya kisanduku. Usikubali kabisa. Waya wa nyutro ukikatika siku moja, bodi ya gari zima inakuwa na umeme, na mtoto atakayeshika mlango akiwa pekupeku ndiye atakayelipa.

Chaji ikianza vizuri kisha ikakata baada ya nusu saa au saa moja, shuku joto. Kebo nyingi za Japani zilitengenezwa kwa volti 200 na ampea 15, zikiwa na plagi isiyoingia kwenye soketi zetu, na muuzaji huikata na kufunga plagi ya kawaida ya ampea 13. Plagi hiyo hustahimili birika kwa dakika tano. Haikutengenezwa kubeba ampea 15 kwa saa nane mfululizo. Yangu ilianza kwa harufu kama ya samaki aliyechacha, nikadhani ni pipa la taka, na nilipochomoa plagi nikakuta tundu la kushoto la soketi limekuwa la kahawia na pini imeshika plastiki iliyoyeyuka. Tangu siku hiyo nina soketi ya bluu ya ampea 16, ya aina inayotumika viwandani, kwenye waya wake wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye bodi ya swichi, pamoja na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na paa. Wakati wa kuchaji, baada ya dakika 30, weka kiganja juu ya plagi: uvuguvugu ni wa kawaida, lakini ukilazimika kuondoa mkono, zima swichi. Kebo ya kuungia haitumiki hata kidogo, na iliyozungushwa kwenye gurudumu ndiyo hatari zaidi. Kebo iliyoandikwa 100V pekee isichomekwe kwenye umeme wetu wa volti 230.

Umeme hafifu wa jioni ni chanzo cha nadra kidogo, ila maeneo ya pembezoni yenye transfoma iliyoelemewa huupata. Multimita ikisoma chini ya volti 200 saa mbili usiku na kurudi 225 saa saba, suluhisho ni kuchaji baada ya saa sita usiku na kutoa taarifa. Ni baada ya kumaliza orodha hii yote, na gari likigoma hata kwa kebo nyingine kwenye nyumba nyingine, ndipo unapoweza kusema kwamba chaja iliyo ndani ya gari imeharibika. Kabla ya hapo angalia pia kiwango cha maji ya kupoza kwenye kitangi chini ya boneti, gari likiwa baridi, kwani chaja na mota hupozwa kwa maji ingawa hakuna injini.

Kuhusu chaji ya haraka, fahamu kwamba Leaf hutumia mdomo wa CHAdeMO, magari yaliyotengenezwa kwa soko la China hutumia GB/T, na ya Ulaya hutumia CCS2. Mdomo usiolingana na kituo hautachaji hata ukibembelezwa, na huo ni ukaguzi wa kufanya kabla ya kununua.

Kilomita zimepungua

Namba ya kilomita inayoonyeshwa kwenye dashibodi ni makisio yanayotokana na jinsi ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Aliyepanda kutoka Mtera kuelekea Iringa ataona namba ndogo ya kutisha. Akirudi akiwa anateremka ataona kubwa ya kumdanganya. Kwa hiyo usipime kwa namba hiyo. Pima kwa asilimia ya chaji na odomita.

Chanzo cha kwanza ni upepo wa tairi. Leaf huhitaji psi 36, na vijana wa kujaza upepo, kwa mazoea ya barabara za vumbi, huweka 28 "ili gari liwe laini". Jaza asubuhi tairi zikiwa baridi. Cha pili ni mwendo: kati ya kilomita 60 na 100 kwa saa kuna tofauti kubwa sana ya matumizi, na kwenye barabara ya kwenda Chamwino ule upepo mkali wa Agosti unaokuja usoni huongeza mzigo juu ya mzigo. Cha tatu ni AC, kisha abiria na mizigo, kisha breki iliyoshika.

Uchakavu wa betri kubwa unakuja baada ya hayo, na unapimika. Upande wa kulia wa dashibodi ya Leaf kuna vipande 12 vyembamba vinavyoonyesha uwezo uliobaki. Cha kwanza hupotea uwezo ukiwa umepungua kwa karibu asilimia 15, hivyo mtu mwenye vipande 11 asidhani amepoteza kidogo. Kipimo bora zaidi ni kifaa kidogo cha OBD2, cha kusomea kompyuta ya gari, chenye Bluetooth pamoja na programu ya LeafSpy kwenye simu, inayokupa afya ya betri kwa asilimia. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji. Hupoa kwa hewa tu, na joto ndilo adui yake. Kwa hili Dodoma, iliyo juu ya mita 1,100 na yenye usiku wa baridi, ina nafuu kuliko pwani, mradi gari lisiachwe na chaji 100 chini ya jua la Oktoba kutwa nzima. Egesha chini ya mwarobaini, acha kati ya asilimia 30 na 80 kwa siku za kawaida, na ujaze kabisa asubuhi ya safari tu. Ushauri huu unahusu betri za Leaf. Gari lenye betri ya aina ya LFP, kama BYD nyingi za karibuni, linahitaji kujazwa hadi 100 mara kwa mara ili kompyuta yake isipotee hesabu.

Dalili moja ni tofauti na uchakavu wa kawaida: chaji inasoma asilimia 25, unakanyaga kupanda mlima, na ghafla inaanguka hadi 8 huku alama ya kobe ikitokea na gari likipungua nguvu. Hapo inawezekana seli moja kati ya jozi 96 imechoka kuliko wenzake. LeafSpy huonyesha tofauti ya volti kati ya seli. Ikizidi milivolti 100 chaji ikiwa ndogo, na ikawa ni seli ileile kila mara, unahitaji mtaalamu wa kufungua betri na kubadilisha moduli, yaani fungu la seli lenye seli hiyo. Usimruhusu mtu kufanya kazi hiyo uani kwako.

AC haipozi

Anza na chujio la hewa ya ndani, nyuma ya droo ya abiria. Kwa vumbi letu hubadilishwa kila baada ya miezi sita. Langu la kwanza lilitoka likiwa na rangi ya udongo wa Nala na punje za mtama zilizoletwa na panya. Kisha angalia kama feni ya mbele inazunguka.

Kama gesi imepungua, nina onyo ambalo sijaona fundi yeyote wa gesi akilitoa kwa hiari yake. Kompresa ya gari hili inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, na mafuta yaliyo ndani yake ni ya aina ya POE ambayo hayapitishi umeme. Mafuta ya PAG yanayotiwa kwenye magari ya petroli yakiingia humo, hata yale mabaki yaliyo kwenye mipira ya mashine ya kujazia, kinga ya umeme ndani ya kompresa hushuka, gari hugundua kwamba umeme mkubwa unavuja, na siku inayofuata halifiki tena READY. Mtu anakwenda kujaza gesi, anarudi na gari la kuvutwa. Muulize fundi anatumia mafuta gani kabla hajaunganisha mpira wowote. Akijibu "mafuta ni mafuta", endelea kufungua madirisha.

Kelele, breki na sehemu za chini

Kwa kuwa mota yenyewe ndiyo inayopunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, pedi za breki hazisuguliwi vya kutosha, na katika miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, diski hushika kutu na kupiga kelele asubuhi. Kanyaga breki kwa nguvu mara chache ukiwa barabara tupu na kelele itaisha. Ikibaki, au gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, pini za kalipa zimekauka. Maji ya breki yabadilishwe kila miaka miwili hata kama pedi ni nene.

Milio ya "kokoto" kwenye matuta ni linki za stabilaiza na bushi, kama kwa gari lolote, na fundi wa kawaida anazimudu. Ila mwelekeze mahali pa kuweka jeki: jeki ikiwekwa chini ya sakafu katikati inaminya kasha la betri kubwa.

Uniti zinaisha haraka, au bei ya gari haieleweki

Aliyekuwa kwenye D1, kundi la bei ya umeme la watumiaji wadogo, kwa kutumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, akilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, hawezi kubaki huko akiwa na gari la umeme. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2016, uniti inayozidi 75 hutozwa shilingi 350, na mtumiaji wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, hulipa 292, ambayo pamoja na kodi na tozo hukaribia 356. Mshangao wa mwezi wa kwanza unatoka hapo, pamoja na kodi ya jengo inayokatwa kwenye manunuzi ya LUKU. Fanya hesabu kwa matumizi yako mwenyewe: kutoka katikati ya jiji hadi Mtumba ni kama kilomita 17, na mtu anayekwenda, kurudi na kupitia sokoni na shuleni hufikisha 48 kwa siku. Kwa kilomita 6.5 kwa kila kilowati-saa, ambayo ndiyo uniti moja ya LUKU, pamoja na kiasi kinachopotea wakati wa kuchaji, ni karibu uniti 8.7, yaani kama shilingi 3,100. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita lingetumia lita 4. Uniti zikizidi makisio yako kwa mbali huku gari likiwa halijachomekwa, mtafute anayekula umeme ndani ya nyumba.

Bei ya kununua au kuuza haisomwi kwa mwaka wa kutengenezwa. Inasomwa kwa kilowati-saa zilizobaki. Leaf ya 24 yenye afya ya asilimia 60 imebakiwa na 14.4, ambazo ni kilomita 85 hivi za mjini. Ya 40 yenye asilimia 80 ina 32, zaidi ya mara mbili. Gari la zamani la bei ndogo bandarini Japani pia huongezewa hapa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo linganisha jumla yote kwa kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma fedha.

Jihadhari na vipande 12 kwenye gari la umri mkubwa, kwani kumbukumbu ya betri inaweza kufutwa kwa kompyuta ili vyote vionekane tena kwa majuma machache. Namna ya kuligundua hilo ni kuliendesha. Lijaze mpaka 100, nenda nalo Chamwino na urudi, karibu kilomita 60, kwa mwendo wa 60 hadi 70, kisha usome wastani wa kilomita kwa kilowati-saa. Ukisoma 6.5, umetumia 9.2, na ikiwa chaji imeshuka kwa asilimia 30, betri nzima ina takriban 31. Likishuka kwa asilimia 60 lina 15 tu, hata dashibodi iseme nini. Muuzaji anayekataa safari hiyo ya muda wa saa moja hivi amekwisha kujibu.

Unapotakiwa kuacha kila kitu

Acha kuendesha, usichaji na usiingize gari ndani ya uzio ikiwa chini limegonga jiwe au tuta kwa kishindo, kwa sababu kutoka ardhini hadi kwenye kasha la betri ni kama sentimita 15 tu. Fanya hivyo pia ikiwa limezama kwenye maji ya korongo. Makorongo yetu hujaa kwa nusu saa na kukauka kwa saa mbili, na gari lililovuka salama linaweza kuleta hitilafu siku kadhaa baadaye, maji yakishaingia kwenye viungio. Liegeshe mahali pa wazi, mbali na nyumba na ghala la mahindi, na uite mtaalamu wa magari ya umeme hata kama linawaka vizuri.

Ukisikia mlio wa kufoka kutoka chini, ukaona moshi mweupe au ukanusa harufu kali tamutamu ya dawa, toa watu wote, sogea mbali upande upepo unakotoka, na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Waambie waziwazi kwamba ni gari la umeme, kwa kuwa betri hiyo huhitaji maji mengi kwa muda mrefu na inaweza kuwaka tena baada ya kuonekana imezimika. Mchanga na mtungi mdogo wa kwenye gari havitaifikia. Pochi na laptopu viache ndani.